Usimpulize Dawa Bado! Hivi Ndivyo Utajua Huyo Nyigu wa Kejani Ni Nani

Shakira ako na nyigu wake. Si mchezo. Mwaka wa 2014 wanasayansi wawili, Eduardo Shimbori na Scott Shaw, walitangaza spishi mpya 24 za nyigu kutoka misitu ya Ecuador, na mmoja wakampa jina Aleiodes shakirae. Sababu? Kiwavi akishavamiwa na huyo nyigu anaanza kujipinda vibaya, tumbo linaenda huku na kule kama ile densi ya Shakira. Lady Gaga naye alikuwa ashapewa wake miaka miwili kabla, Aleiodes gaga, kutoka Thailand.

Poa, umecheka. Sasa jiulize swali la maana: hao wasee walijuaje kwamba huyu ni mpya na si yule wa jana? Hawa ni wadudu wadogo, wengine ukiwapigia chafya wanapotea, na kila mmoja ako na mabinamu mamia wanaofanana naye.

Na usidhani hiyo ni shida ya watu wa koti jeupe peke yao. Saa hii kuna mtu mahali anampulizia dawa mdudu ambaye alikuwa anamfanyia kazi bure. Na kuna wakati bara hili lilikaribia kukosa muhogo, na mambo yakachelewa kwa sababu wadudu wawili walifanana sana. Tutafika hapo, tulia.

Tuelewane kwanza. Nyigu vimelea ni nyigu ambaye mtoto wake analelewa ndani ama juu ya mwili wa mdudu mwingine. Mama anatafuta kiwavi, kidukari, mende, ama hata yai la nondo, anadunga, anaacha yai lake, anaenda zake. Buu akitoka kwa yai anamla mwenyeji polepole, mara nyingi anaacha viungo vya muhimu mpaka mwisho ndiyo nyama isiharibike mapema. Mwenyeji akidedi, nyigu mpya anatoka. Charles Darwin mwenyewe hii maneno ilimsumbua. Mwaka wa 1860 alimwandikia rafiki yake Asa Gray kwamba haoni vile Mungu mwema angeunda kwa makusudi mdudu wa kula viwavi wakiwa hai.

Lakini wewe usiingiwe na baridi. Wengi wao hawana haja na wewe kabisa. Ile sindano ndefu unaona nyuma ya mama ni ya kutagia mayai. Dume hata hana.

Hesabu mabawa kwanza

Kabla uanze kusema "huyu ni spishi fulani", hakikisha ni nyigu. Kuna nzi wa maua ambao wamejipaka njano na nyeusi kuogopesha watu, na wamefaulu. Nzi ako na mabawa mawili. Nyigu ako na manne, ingawa yale ya nyuma ni madogo na yameshikana na ya mbele kwa vindoano, kwa hivyo ukiangalia haraka unaona mawili tu. Njia rahisi ni antena. Nzi wa maua antena zake ni fupi, ni kama hana. Nyigu vimelea antena zake zinaonekana, na mara nyingi hazitulii, anazichezesha akinusa kila kitu.

Alafu kiuno. Nzi hana kiuno. Nyigu ako nacho, chembamba mpaka unashangaa chakula kinapitaje.

Wale wa kuuma, wale hujenga masega ya karatasi chini ya paa, ukiwakuta wametulia utaona mabawa yamekunjwa kwa urefu kama mwavuli uliofungwa. Nyigu vimelea wengi huyalaza bapa juu ya mgongo. Na yule mweusi na njano anayejenga vyumba vya matope kwa ukuta, mwenye kiuno kama uzi? Huyo ni mwindaji wa buibui. Anawadunga na kuwafungia humo wawe chakula cha watoi wake. Tabia zinakaribiana, lakini leo si yeye tunamtafuta. Mwache na matope yake.

Wale wa kejani

Kama uko na mende (na kama unakaa Nairobi na huna mende, tafadhali shiriki siri), kuna uwezekano ushawahi kuona mdudu mweusi, mdogo kuliko nzi wa nyumbani ama karibu sawa, anatembea kwa dirisha akichezesha tumbo juu na chini kama anapunga kibendera. Tumbo lenyewe ni kidogo sana, bapa kwa pande, na limeshikiliwa na kijiti chembamba. Hiki kijiti ndicho kinamtoa kwa wengine wote: hakijaunganishwa chini karibu na miguu ya nyuma vile umezoea, kimeunganishwa juu, mgongoni. Ukiona hivyo, umemaliza kazi. Huyo ni wa jamii ya Evaniidae, na yule anayeishi kwa miji ya joto karibu dunia nzima anaitwa Evania appendigaster. Akiwa hai macho yake huwa na rangi ya bluu, piga picha ukaze utaona.

Anafanya nini kwako? Anatafuta kile kimkoba cha mende cha kahawia, kile unakutanga nyuma ya kabati kikiwa na mayai ndani. Anataga yai moja humo, buu wake anakula mayai yote. Hakuumi, haharibu chakula chako. Watu wengi humuona, wanashika mkebe wa dawa, wanampuliza. Mende wanabaki wakicheka.

Mwingine wa mende ni staa kabisa, na huyu hata bila lenzi utamjua. Ni mrefu karibu sentimita mbili, mwili wote unang'aa kijani na bluu kama rangi ya gari iliyopigwa polishi, na mapaja ya miguu ya kati na ya nyuma ni mekundu. Ampulex compressa. Kwa sifa za mwili pekee si rahisi umchanganye na mwingine kwa nyumba.

Kazi yake ni ya kutisha. Anamdunga mende mara mbili. Ya kwanza ni kifuani, miguu ya mbele inalegea kidogo. Ya pili anaipeleka kichwani, ndani ya ubongo, mahali hasa panapompa mende hamu ya kutoroka. Baada ya hapo mende anaweza kutembea vizuri, ni vile tu hataki tena kuanza mwenyewe. Nyigu anamkata antena nusu, anakunywa maji yanayotoka, kisha anashika kipande kilichobaki na kumuongoza mpaka kwa shimo, vile mtu huongoza mbuzi kwa kamba. Anataga yai kwa mguu wa mende, anaziba mlango kwa vijiwe. Mende anakaa humo, hai, akisubiri kuliwa. Movie za mazombi hazijafika hapo.

Wa tatu utamkuta usiku kwa taa ya balkoni. Rangi ya chungwa iliyofifia, mwembamba, miguu mirefu, tumbo limebanwa kwa pande kama kisu na limepinda. Watu hudhani ni mbu mkubwa. Kwa Kiafrika chetu mara nyingi ni wa jenasi Enicospilus, na hapa tunaanza kuingia kwa mambo ya ndani: chukua bawa la mbele, angalia kwa mwanga. Karibu na ukingo wa juu utaona sehemu ya kipara, haina vinywele, na ndani yake kuna vipande vidogo vya kahawia vinavyoelea kama vijiwe kwa kioo. Idadi ya hivyo vipande, umbo lake na mahali vilipo, ndivyo wataalamu hutumia kuwatofautisha, na spishi ziko zaidi ya 700 duniani. Fikiria mtu analipwa kuangalia hizo tu.

Bawa ndilo kitambulisho

Kuna familia mbili kubwa ambazo zinasumbua kila anayeanza: Ichneumonidae, zaidi ya spishi 25,000 zenye majina, na Braconidae, zaidi ya 20,000. Wote wembamba, wote antena ndefu zenye vipande vingi, wote mama anaweza kuwa na sindano ndefu. Ukubwa hausaidii sana. Rangi ndiyo kabisa, itakudanganya.

Kinachosaidia ni mishipa ya bawa la mbele. Mishipa huchora vyumba, kama ramani ya mtaa. Kwa Ichneumonidae kuna chumba kirefu katikati chenye umbo la kichwa cha farasi. Ukishakiona mara moja hutakisahau. Alafu shuka sehemu ya nje ya bawa, uhesabu vimishipa vinavyokata kuelekea ukingo wa nyuma. Ichneumonidae karibu wote wako na viwili. Braconidae karibu wote wako na kimoja. Nimesema "karibu" kwa sababu kuna wachache wanaovunja sheria, na hapo ndipo mtaalamu anageuza mdudu na kuangalia mgongo wa tumbo: kwa Braconidae bamba la pili na la tatu zimegandana, haziwezi kupinda, kwa Ichneumonidae zinapinda.

Ukiona bawa halina ramani yoyote, ni mshipa mmoja tu umepita mbele kisha basi, uko kwa ukoo mwingine, Chalcidoidea. Hawa ni vidogo, wengi chini ya milimita tatu, antena zimekunjwa kama kiwiko, na wengi wanang'aa kijani ama shaba. Mmoja wao, familia ya Chalcididae, ni rahisi: mapaja ya nyuma yamevimba kama mtu wa jimu ambaye hafanyi mazoezi ya mikono, na chini ya hayo mapaja kuna meno. Wengine, wale wa Encyrtidae, ukiwaguza wanaruka, na wanarukia miguu ya kati, si ya nyuma kama panzi.

Alafu kuna Trichogramma. Huyu hafiki hata milimita moja. Anaishi ndani ya yai la nondo, na wakati mwingine wanatoka zaidi ya mmoja kwa yai moja. Sifa yake ni unyayo: vipande vitatu tu. Nyigu wengi tumewataja leo wako na vitano. Lakini kusema ni Trichogramma yupi, lazima ukate sehemu za siri za dume na uziweke chini ya hadubini. Ndiyo, umesoma vizuri. Kwa hii biashara sehemu za siri za dume zinaheshimika kuliko sura.

Angalia kile ameacha nyuma

Kuna kitu wengi husahau: si lazima umuone nyigu mwenyewe. Alama zake zinatosha kukupeleka mbali.

Kama umepanda sukuma kwa gunia hapo nje, geuza jani lenye vidukari. Kati ya wale laini wa kijivu utaona mmoja amevimba, amekauka, rangi ya kahawia kama karatasi ya chapati, hasongi. Huyo ashageuzwa jeneza. Ndani kuna nyigu mdogo wa Braconidae, na kwa vidukari wa kabeji na sukuma mara nyingi ni Diaeretiella rapae. Ukiona jeneza lina tundu la mviringo, ashatoka na yuko kazini. Jeneza likiwa jeusi badala ya kahawia, hiyo ni familia nyingine, ya Aphelinus. Rangi ya maiti, familia tofauti.

Kiwavi mwenye vitu vyeupe kama punje za mchele mgongoni ama kando yake ni kisa kingine. Hapo mathe kule ocha anaweza kushika kiatu akisema, "hayo ni mayai, yatazaa wengine!" Si mayai. Ni vifuko vya hariri, ndani kuna nyigu wa jenasi Cotesia wanajiandaa kutoka, na huyo kiwavi ashaisha. Ukiviponda umeua polisi wote wa shamba.

Kifuko chenye madoa meusi na meupe, kinachoning'inia kwa uzi mmoja kama taa, ni cha Charops, huyo ni Ichneumonidae. Nyigu mwenye tumbo lililofunikwa na gamba moja zima kama kofia ya bodaboda, bila mistari ya kugawanya, ni Chelonus: anataga kwa yai la nondo lakini anasubiri mpaka kiwavi aanguliwe ndiyo amle. Wote wawili wameonekana wakishambulia viwavijeshi wale waliingia Kenya 2017 na kumaliza mahindi. Na yule mdogo mweusi anayeng'aa, anayezunguka juu ya rundo la mayai ya hao viwavijeshi, anaweza kuwa Telenomus remus. Kwa kumtambua huyu watafiti hawakuamini macho peke yake, walitumia pia DNA.

Hata tundu la kifuko lina stori. Cotesia akitoka hukata kifuniko nadhifu kwa ncha, kama mtu aliyefungua mkebe. Ukikuta kifuko kimetobolewa kando, ovyo ovyo, jua aliyetoka si mwenye nyumba. Kuna nyigu wengine kazi yao ni kuvamia nyigu vimelea. Mwizi ameibiwa. Ukihesabu vifuko bila kuangalia matundu, unaweza kudhani shamba lako liko salama na kumbe polisi wenyewe wanaliwa.

Hesabu ya muhogo

Sasa ile ahadi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mdudu mweupe, kama amepakwa unga, aliingia Afrika kutoka Amerika Kusini na kuanza kufyonza muhogo. Alionekana kwanza Kongo, na akaenea haraka. Muhogo ndio chakula cha mamilioni, kwa hivyo hii haikuwa stori ya shamba moja.

Watafiti wakaenda Amerika Kusini kutafuta nyigu anayemla huko kwao. Wakapata mdudu wa unga kwa muhogo, kaskazini mwa bara hilo, wakapata nyigu wake, wakaleta. Haikushika. Wale nyigu hawakumtaka mdudu wetu. Baadaye ikajulikana kwamba yule wa kaskazini alikuwa spishi nyingine, wanafanana tu. Wetu, Phenacoccus manihoti, ni majike matupu, wanazaa bila dume. Yule mwingine ako na madume. Hiyo ndiyo tofauti iliyokula muda wakati mashamba yanakauka.

Mwaka wa 1981 Anthony Bellotti akampata mwenyewe halisi nchini Paraguay. Pamoja naye kulikuwa na nyigu wa Encyrtidae, yule wa kuruka kwa miguu ya kati, Anagyrus lopezi. Mwaka huo huo akaachiliwa Nigeria. Akaenea nchi baada ya nchi, na mdudu wa unga akapungua. Hans Herren, aliyeongoza hiyo kazi, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka wa 1995, na wakati huo alikuwa mkurugenzi wa icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu hapo Kasarani. Ndiyo, mahali matatu yako hupita.

Wanaofanana mpaka mwisho

Sasa tuende kwa mahindi, juu hapa ndipo sura inashindwa kabisa.

Kuna kiwavi anayetoboa bua la mahindi anaitwa Chilo partellus, alitoka Asia. Icipe ikaleta nyigu wake, Cotesia flavipes, kutoka Pakistan, na mwaka wa 1993 wakamwachilia Pwani. Ni milimita mbili tatu, mweusi, mwili umebonyezwa bapa kutoka juu ndiyo apite kwa lile shimo jembamba ndani ya bua. Jina lake kwa Kilatini ni "miguu ya njano". Shida ni kwamba tayari tulikuwa na wa kwetu, Cotesia sesamiae, na miguu peke yake haitoshi kuwatenganisha. Wanaotaka uhakika wanarudi kule kule: sehemu za siri za dume.

Tofauti hiyo ina uzito. Kule juu, Trans Nzoia na sehemu za baridi, kiwavi mkuu wa mabua ni mwingine, Busseola fusca. Flavipes akimdunga huyo, mayai yanazingirwa na seli za ulinzi za kiwavi na kufa humo ndani.

Na hata sesamiae hawako sawa. Wale wa Kitale wakitaga kwa Busseola, watoto wanakua fiti. Wale wa Mombasa wakitaga kwa Busseola huyo huyo, mayai yanauawa. Waweke kando kwa kando chini ya hadubini, huoni tofauti. Siri iko kwa virusi ambao nyigu mwenyewe hubeba ndani ya chembe zake za urithi na kuvidunga pamoja na yai ili kuzima ulinzi wa kiwavi. Virusi vya Kitale vinafungua huo mlango, vya Mombasa haviufungui. Ukichukua mbogi ya nyigu Pwani ukaipeleka Kitale ukijiambia "si ni wale wale", umepoteza nauli.

Mwaka wa 2017 kundi lingine lililokuwa limejificha ndani ya jina la sesamiae lilipewa jina lake: Cotesia typhae. Huyu anashambulia kiwavi mmoja tu, Sesamia nonagrioides, kwa mimea ya majimaji kama yale matete ya mtoni. Alikuwa hapa Kenya miaka yote, kwa kabati chini ya jina la mwingine. Sasa Wafaransa wanamchunguza kwa sababu kiwavi huyo huyo anawasumbua kwa mahindi yao, na nyigu wanaotumia kwa majaribio asili yao ni Kenya, sehemu kama Makindu. Mwaka huo huo pia icipe ilipata heshima ya jina: Cotesia icipe, anayekula viwavi wa terere.

Kuhusu hili swali la macho dhidi ya DNA, wanasayansi wako na bifu kali. Mwaka wa 2021 timu moja ilitoa majina kwa spishi 403 za Braconidae kutoka Costa Rica kwa mpigo mmoja, wengi wakitambulishwa zaidi na kipande cha DNA na picha, bila maelezo marefu ya mwili. Wenzao wakawaka: mtu asiye na mashine atamtambuaje mdudu shambani? Timu nayo ikasema spishi zinaisha kabla hatujazipa majina, hatuna karne ya kusubiri. Mimi naona wote wako na haki kidogo, lakini mkulima wa Taita hana mashine ya DNA, na bawa halihitaji stima.

Ukitaka kujaribu

Picha nzuri ya nyigu vimelea ni tatu: moja kutoka juu ukionyesha mgongo, moja ya kando ukionyesha kiuno na sindano, moja ya bawa likiwa limetandazwa. Simu yenye lenzi ya karibu inatosha kwa wale wakubwa. Kwa wadogo tafuta lenzi ya mkono ya kukuza mara kumi.

Bora zaidi, chukua kiwavi mwenyewe. Mtie kwa chupa ya plastiki pamoja na jani la ule mmea ulimkuta, funika na kitambaa chepesi, badilisha jani likikauka, usiweke juani. Subiri. Nyigu akitoka, utakuwa unajua kitu ambacho mdudu wa dirishani hawezi kukuambia: alikula nani. Mtaalamu akipata mdudu bila mwenyeji anafanya kazi kwa jicho moja.

Aliyekufa mweke kwa kichupa chenye spiriti, si kwa karatasi, atavunjika. Ndani ya kichupa weka kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli, maana wino wa kalamu unayeyuka: mahali, tarehe, mmea, mwenyeji. Makumbusho ya Taifa hapo Nairobi yako na mkusanyiko wa wadudu, na icipe wako Kasarani.

Na kama kutoka kwa kiwavi kutaanguka kitu kama punje ya kahawia, ngumu, laini, isiyo na hariri, alafu siku kadhaa baadaye akatoka mdudu mwenye manyoya magumu kama brashi ya viatu, usiandike "nyigu" bado. Hesabu mabawa. Yakiwa mawili, huyo ni nzi vimelea wa familia ya Tachinidae, na mishipa ya bawa lake inasomwa kwa ramani tofauti kabisa.